Vipimo vya haraka vya malaria: boksi lipi linafaa zahanati ya Tanga

Mhudumu anayefungua boksi la vipimo 25 vya malaria katika zahanati ya Pongwe au Maramba anashika dhahabu, ingawa boksi halisemi hivyo kwa maandishi makubwa. Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kaseti, kile kibao cha plastiki cha kipimo, si wino, wala si damu ya mgonjwa. Ni chembe za dhahabu zilizokamatwa na kingamwili na kusimamishwa mahali pamoja. Tathmini hii ni ya kipimo hicho, ambacho wahudumu wote hukiita mRDT: kipi kinunuliwe kwa zahanati na maabara za mkoa wa Tanga, kipi kiachwe, na ni wapi majibu hupotoka.

Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii. Teknolojia yenyewe inastahili sifa zote. Kaseti haina betri wala umeme, haihitaji friji, na mtu aliyefundishwa vizuri anapata jibu baada ya dakika 15 au 20. Vinavyokuja pamoja na kaseti ndivyo vinavyotofautiana: chupa ya bafa (kimiminika kinachodondoshwa kwenye kaseti), kifaa cha kuchotea damu, kikaratasi cha maelekezo. Hivyo ndivyo huamua kama jibu ni la kuaminika, na mnunuzi anayelinganisha bei ya kaseti peke yake atanunua rahisi kisha alipie gharama kwa matokeo mabovu.

Tuanze na dhahabu, kwa sababu ukiielewa hiyo, makosa mengi ya mezani yanajieleza yenyewe. Chembe zinazotumika sana zina kipenyo cha takriban nanomita 40. Seli moja nyekundu ya damu ina nanomita 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo ungehitaji kupanga chembe karibu 200 ili uvuke upana wa seli hiyo moja. Kwa udogo huo dhahabu haing'ai njano kama pete ya ndoa. Mwanga ukiipiga, elektroni zake huyumba zote kwa pamoja na kunyonya mwanga wa kijani, ule wa mawimbi ya nanomita 520 hadi 530. Kinachobaki kufika jichoni ni wekundu mzito wa juisi ya rozela. Michael Faraday alitengeneza maji mekundu ya namna hii mwaka 1857 na kutambua kwamba wekundu ule ni wa dhahabu iliyokuwa ndogo kupita kiasi. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake walieleza njia ambayo mpaka leo ni msingi wa kazi hii: chumvi ya dhahabu inachemshwa kwenye maji, sitrati (chumvi ya asidi ya limau) inaongezwa, na chembe zinajijenga zenyewe. Sitrati ikiwa nyingi zinatoka ndogo, ikiwa kidogo zinatoka kubwa.

Kwa nini dhahabu na si rangi ya kawaida? Chembe moja hunyonya mwanga mwingi kuliko molekuli ya rangi, haichujuki kwa jua, na protini hushikamana na uso wake kwa urahisi. Ina udhaifu mmoja. Chembe hizi hukaa mbalimbali kwa sababu zote zina chaji hasi na hivyo husukumana. Chumvi ikizidi, msukumano huo hufifia, zinagandamana, na wekundu unahamia zambarau, kisha kijivu cha buluu. Ndiyo maana kiwandani huvikwa kingamwili na kuongezewa protini za kuzilinda, na ndiyo maana bafa iliyo kwenye chupa si maji. Ina chumvi, sabuni ya kupasulia seli, na vitu vingine vilivyopimwa kwa ajili ya kaseti ile ile. Jambo hili tutalirudia.

Ndani ya plastiki kuna kitepe chenye sehemu nne. Kwanza pedi inayopokea damu. Ya pili ni pedi yenye dhahabu iliyokaushwa, imevikwa kingamwili inayoitambua protini ya kimelea. Kisha utando mweupe wa nitroselulosi, ambao ndio unaouona dirishani, na mwisho pedi nene ya kunyonyea maji. Bafa ikidondoshwa, seli zinapasuka, protini ya kimelea inatoka, dhahabu inainasa njiani, na mchanganyiko wote unatambaa kwenye utando kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Kwenye alama ya T (mstari wa jibu) kuna kingamwili nyingine iliyobandikwa, inayoishika protini hiyo kwa upande wake wa pili. Protini ikiwepo, inakuwa daraja kati ya dhahabu na utando, chembe zinarundikana, na mstari unaonekana. Isipokuwepo, dhahabu inapita tu. Mbele yake kuna alama ya C (mstari wa kudhibiti kipimo), ambayo hukamata dhahabu iwe imebeba kitu au haikubeba.

Hapo pana jambo ambalo hata wazoefu hulisahau: C haithibitishi kwamba damu iliwekwa. Inathibitisha kwamba maji yametembea na dhahabu ikafika. Kaseti iliyodondoshewa bafa bila damu yoyote inaweza kutoa C nzuri kabisa, na mtoto anayechemka homa akaandikiwa "hana malaria". Kipimia damu kibovu hujificha nyuma ya C.

Sasa uchaguzi. Sokoni kuna aina mbili kuu za kufikiria. Ya kwanza inatafuta HRP2 peke yake, protini inayotengenezwa na Plasmodium falciparum, aina ya kimelea ambayo ndiyo inayosababisha sehemu kubwa mno ya malaria ya Tanzania. Ya pili ina mstari wa HRP2 na mstari mwingine wa pLDH, kimeng'enya ambacho aina zote za vimelea vya malaria hutengeneza. Kwa zahanati ya kawaida ya mjini Tanga, Muheza au Pangani, ya HRP2 peke yake inatosha kwa kazi za kila siku: kwa kawaida huhimili joto vizuri zaidi, husomeka kirahisi, na ina mstari mmoja wa kubishania badala ya miwili. Kituo cha afya chenye maabara na mtaalamu wa hadubini kinafaidika na ile ya mistari miwili, kwa sababu P. malariae na P. ovale zipo nchini, ingawa ni chache, na HRP2 haiwezi kuziona kabisa. Kituo kama hicho kisitarajie makubwa, maana mstari wa pLDH ni dhaifu zaidi kwa aina hizo kuliko HRP2 ilivyo kwa falciparum.

Faida kubwa ya pLDH ni nyingine. HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, wakati pLDH hupotea ndani ya siku chache. Mgonjwa aliyemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita na sasa amerudi na homa, kipimo cha HRP2 kitamwonyesha mstari, na mstari huo hautasema kama ni malaria mpya au mabaki ya ile ya zamani. Mgonjwa wa namna hii anahitaji slaidi, yaani damu yake iangaliwe kwa hadubini. Kumrudishia dawa mseto kwa sababu ya mstari huo peke yake ni kumwacha na nimonia au taifodi inayoendelea kumla taratibu. Kwa sababu hiyo hiyo, mRDT ya HRP2 isitumike kuangalia kama mtu amepona.

Kifaa cha kuchotea damu ndicho kipengele tunachokipa uzito mkubwa, pengine kuliko wengi wanavyotarajia. Vipimo vingi hutaka mikrolita 5, tone dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Maboksi mengine huja na pipeti ya plastiki ya kubinya, mengine na kitanzi kama cha sindano ya kushonea, mengine na mrija mwembamba, na mengine na kikombe kidogo kilichopinduliwa mwishoni mwa kijiti. Kikombe ndicho kinachopendekezwa hapa. Unakigusisha kwenye tone, kinajaa kiasi chake, unakibonyeza kwenye pedi, basi. Pipeti ya kubinya inadai dole gumba lenye subira: ukiachia haraka inavuta damu hadi juu ya alama pamoja na mapovu, na ukibinya kwa nguvu damu yote inamwagika. Damu ikizidi, utando unabaki mwekundu nyuma ya mistari na mstari hafifu unamezwa. Damu ikipungua, wagonjwa wenye vimelea vichache ndio wanaopotea.

Kuhusu vimelea vichache, hesabu hii isaidie. Shirika la Afya Duniani hupima ubora wa vipimo hivi kwa sampuli zenye vimelea 200 kwa kila mikrolita. Mikrolita moja ya damu ina seli nyekundu kama milioni 5, kwa hiyo tunazungumzia seli moja iliyoambukizwa katika kila seli 25,000. Ukiweka mikrolita 2 badala ya 5, umetupa zaidi ya nusu ya ushahidi kabla kaseti haijaanza kazi.

Hatua zenyewe zinajulikana, ila kila moja ina mtego wake. Pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa ameshakaa mbele yako, si asubuhi kumi kwa mkupuo ili "kazi iende haraka". Angalia kifuko cha silika jeli kilichomo ndani: kwa nyingi zenye kiashiria, rangi ikiwa imegeuka kinyume na maelekezo, unyevu umeshaingia, na kaseti hiyo haitumiki. Andika jina na saa kwenye plastiki kabla ya damu. Safisha kidole kwa pamba ya spiriti, kisha ngoja kikauke chenyewe. Spiriti ikichanganyika na damu, tone linatambaa kidoleni badala ya kusimama, na kipimia kinabeba mchanganyiko badala ya damu. Toboa pembeni ya kidole cha tatu au cha nne. Bibi mwenye vidole vilivyokomaa kwa jembe anahitaji kusuguliwa mkono upate joto kwanza, tena kwa heshima yake, kuliko kutobolewa mara tatu.

Damu inaingia kwenye shimo dogo na bafa kwenye shimo lake, na kaseti nyingi huyaandika kwa herufi. Kuyachanganya mashimo ni kosa la kila siku penye foleni. Chupa ya bafa ishikwe wima kabisa. Ikilazwa, matone yanakuwa madogo, na matone manne yaliyolala si matone manne yaliyosimama. Idadi hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa, mengine mawili, mengine matano, kwa hiyo mazoea ya boksi la mwezi uliopita hayafai. Bafa ikipungua, utando hausafiki. Ikizidi, mchanganyiko unakimbia, protini haipati muda wa kushikwa, na mstari wa kweli unakuwa hafifu. Kaseti ikae kwenye meza iliyo sawa. Meza yenye mguu mfupi inaelekeza maji upande mmoja, na mstari unatoka nusu.

Sasa turudi kwenye bafa. Chupa ikiisha kabla ya kaseti, kishawishi ni kuazima ya boksi lingine, au kutumia maji ya dripu, au maji ya kunywa. Tafadhali, usifanye hivyo kamwe. Bafa ya bidhaa nyingine ina chumvi na sabuni kwa vipimo vingine. Kwenye maji matupu au dripu, kingamwili za T zinaweza kushika dhahabu bila protini yoyote, na kipimo kikatoa mstari wa uongo, uliosimama vizuri kama wa kweli. C nayo itakuwepo. Hakuna kitakachokuonya. Boksi lililoishiwa bafa limeishiwa vipimo, hata kama kaseti kumi zimebaki. Kwa hiyo, kabla ya kulipia, tikisa chupa na uangalie ujazo. Maboksi yenye vichupa vidogo vya mara moja, kimoja kwa kila kaseti, yanafaa sana kwa wahudumu wa afya wa jamii wanaokwenda vijijini, ila kila kichupa kikaguliwe, maana kidogo kilichomo kikipungua kwa kukauka, dozi yote imekwenda.

Kusoma kuna dirisha lake. Kama maelekezo yanasema dakika 15, soma kwenye 15, na usipite kikomo kilichoandikwa, ambacho kwa vingi ni dakika 30. Ukisoma mapema, mstari wa mwenye vimelea vichache bado haujakomaa. Ukichelewa, utando unakauka, maji yanarudi nyuma kutoka kwenye pedi nene, na dhahabu inaacha kivuli pale ambapo hapakuwa na kitu. Weka saa ya simu kwa kila kaseti. Mstari hafifu wa T, ukiwa umetokea ndani ya muda na una rangi, ni chanya. Hakuna "chanya kidogo". Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha, imulike kutoka ubavuni ili plastiki isirudishe mwanga machoni. C isipoonekana, rudia kwa kaseti mpya hata kama T imejaa wekundu.

Tanga ina tatizo lake, nalo ni hewa. Maboksi mengine yameandikwa nyuzi 2 hadi 30, mengine hadi 40. Wakati wa kaskazi, stoo yenye bati bila dari hupita 30 mchana bila shida, na unyevu wa pwani hauondoki hata usiku. Dhahabu yenyewe haitaabiki. Kingamwili ndizo zinazokunjuka kwa joto na kuacha kutambua, na nitroselulosi iliyokunywa unyevu hubadilisha mwendo wa maji. Kwa Tanga mjini, Mkinga na Pangani tunashauri boksi la nyuzi 40, hata kama bei imepanda kidogo. Lushoto panavumilia la 30. Popote ulipo, weka kipimajoto cha ukutani stooni, boksi lisikae sakafuni wala juu ya kabati chini ya bati, na lisifungwe nyuma ya bodaboda kwenye jua la saa saba. Friji inaruhusiwa ukifuata kikomo cha chini, lakini freza hapana. Kaseti iliyotoka kwenye friji iachwe ipate joto la chumba pakiti ikiwa bado imefungwa. Ukiifungua ya baridi, umande wa pwani unaingia moja kwa moja kwenye utando.

Kuna mipaka ambayo hakuna boksi litakaloiondoa. Mgonjwa mahututi mwenye vimelea vingi kupita kiasi anaweza kutoa mstari hafifu au asitoe kabisa, kwa sababu HRP2 imejaa hadi imezishika kingamwili za dhahabu na za utando kila moja peke yake, na daraja halijengeki. Dalili zikiwa za malaria kali na T haipo, slaidi ipigwe bila kusubiri. Vilevile wapo vimelea waliopoteza jeni ya HRP2. Waliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, na baadaye wamekuwa tatizo kubwa Eritrea na Ethiopia. Shirika la Afya Duniani linataka nchi ibadilishe kipimo pale vimelea hao wanapofanya zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wapitwe na kipimo. Kwa mhudumu wa Tanga, maana yake ni kutomfukuza mgonjwa ambaye kipimo kimesema hana lakini dalili zinakataa. Mkoa huu una bahati ya kuwa na kituo cha Amani cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) pale Muheza, chenye historia ndefu ya utafiti wa malaria, na wataalamu wa hadubini si wa kutafutwa mbali.

Wauzaji wengine sasa huleta vipimo vya kung'aa, ambavyo badala ya dhahabu hutumia chembe zinazotoa mwanga na kusomwa na mashine. Baadhi hutumia nukta za kwanta, fuwele za nanomita chache ambazo rangi yake hubadilika kwa ukubwa wake, na ambazo uvumbuzi wake uliwapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Ekimov Nobeli ya kemia mwaka 2023. Sayansi hiyo inapendeza mno, na kwa maabara ya hospitali yenye umeme wa uhakika ni ya kufuatilia. Kwa zahanati, mashine ni kitu cha ziada cha kuharibika, na kaseti zake hazisomeki kwa jicho siku mashine inapogoma. Baki na dhahabu.

Dukani, geuza boksi kabla ya kutoa pesa. Tafuta usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), kisha ulizia kama bidhaa imepita ukaguzi wa awali wa Shirika la Afya Duniani. Namba ya toleo kwenye boksi, kwenye pakiti za kaseti na kwenye bafa zilingane na maelezo ya kikaratasi. Boksi lililokusanywa kutoka mabaki ya maboksi mawili liache hapo hapo. Tarehe ya mwisho iwe mbele kwa miezi inayotosha kumaliza boksi kwa kasi ya zahanati yako, si ya muuzaji. Kikaratasi kiwe na maelekezo ya Kiswahili, au angalau michoro inayosomeka.

Toleo jipya likifika, chukua kaseti mbili kabla ya kuanza kupimia watu. Moja iwekewe damu ya mgonjwa ambaye slaidi yake imeonyesha vimelea siku hiyo hiyo, nyingine damu ambayo slaidi yake ni safi. Andika tarehe, namba ya toleo na majibu yote mawili kwenye daftari la maabara, kisha ubandike karatasi yenye namba hiyo ubavuni mwa boksi.